Jinsi ya Kukasimu Kazi Isirudi Mezani Kwako

Msimamizi mpya kwa kawaida amepandishwa cheo kwa sababu kazi aliimudu. Ndiyo maana kukasimu, yaani kumkabidhi aliye chini yake sehemu ya kazi zake, humwia vigumu: akimwona aliye chini yake akiifanya polepole, mikono inamwasha. Anaichukua, anaimaliza kwa nusu saa, na wiki inayofuata inamsubiri tena.

Kwa wiki mbili andika kila unachokifanya na muda kinaochukua, kisha tafuta kazi zinazojirudia. Ripoti inayokula saa mbili kila wiki inakula takriban saa 100 kwa mwaka. Ukitumia hata saa 12 kumfundisha mtu, zitakuwa zimerudi kabla ya miezi miwili kwisha. Hesabu hiyo ndiyo jibu la anayesema hana muda wa kufundisha. Usikasimu tathmini za wafanyakazi, mambo ya nidhamu wala mishahara. Usikasimu pia kazi ambayo wewe mwenyewe hujui inatakiwa kuishia wapi. Huko ni kumtupia mwenzako mzigo.

Ukichagua mtu, jihadhari na mazoea ya kumpa yule yule mwepesi kila mara. Huyo tayari amelemewa, na wengine hawajifunzi. Muulize uliyemchagua ana nini mkononi, na kama unamwongezea saa nne kwa wiki, sema ni kazi gani inaondoka au inasogezwa mbele. Usiposema, ataamua peke yake, na huenda akaacha ile uliyoitaka zaidi.

Makabidhiano ndipo mambo mengi yanapoharibika. Tenga nusu saa mkae chini. Kazi inayotolewa mkipishana kwenye ngazi za jengo hufika nusu tu. Eleza matokeo unayoyataka, nani atayatumia na kwa uamuzi gani, kisha mwonyeshe mfano wa kazi kama hiyo iliyofanywa vizuri. “Ripoti fupi” kwako ni kurasa mbili, kwake ni kumi. Taja siku na saa ya mwisho. Njia ya kufika mwachie yeye, isipokuwa kuna utaratibu usiovunjwa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mipaka ya mamlaka yake. Mwambie yuko ngazi ipi kati ya hizi:

1. Aniletee mapendekezo, niamue mimi.
2. Aamue yeye, anijulishe kabla ya kutekeleza.
3. Aamue na kutekeleza, anijulishe baadaye.

Bila hilo, mwoga atakugongea mlango kila saa, na jasiri atatumia fedha ambazo hukuidhinisha. Idara nyingine nazo ziandikie siku hiyohiyo kwamba suala hilo sasa liko kwake. Vinginevyo zitaendelea kukutafuta wewe, na yeye atanyimwa taarifa anazozihitaji.

Usimalize kwa kuuliza “umeelewa?” Jibu litakuwa ndiyo, kwani hakuna anayetaka kuonekana mzito mbele ya mkubwa wake. Muulize ataanzia wapi na anaona ugumu utakuwa wapi. Majibu yake yatakuonyesha palipobaki giza.

Kazi ya siku kumi ikague siku ya 3 na ya 7, na siku hizo azijue tangu mwanzo, asije akadhani unamvizia. Siku ya 3 omba rasimu, hata kama ni mbovu, kwa sababu aliyepotea njia mapema hurudi kwa gharama ndogo. Ukisubiri siku ya 9, utakesha ukiifanya mwenyewe.

Halafu itakuja siku atakayosema, “Bosi, nimekwama.” Hapo usiipokee kazi. Muulize amejaribu nini, anaona njia zipi, na yeye angechagua ipi. Kama amekosa taarifa au ruhusa, mpatie palepale. Kama amekosa ujuzi, fanyeni sehemu moja pamoja, zilizobaki amalizie yeye.

Rasimu ikiwa na makosa, eleza mawili au matatu yenye uzito na umrudishie asahihishe. Ukiiandika upya usiku, atakachojifunza ni kwamba hana haja ya kujitahidi. Na kama tofauti ni ya mtindo tu, yaani wewe ungetumia maneno mengine, iache ipite.

Kazi ikiharibika, mbele ya wakubwa zako jibu wewe, maana dhamana haikuhama. Ikifanikiwa, litaje jina lake mbele ya haohao.

Akiifanya vizuri mara tatu mfululizo, mpandishe ngazi moja ya mamlaka na umwambie waziwazi. Asipoambiwa ataendelea kukuomba ruhusa asizozihitaji, nawe utadhani hajiamini.