Kabla Hujafumua Viraka vya Land Rover ya Zamani

Land Rover za Series, zilizotengenezwa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1985, mpaka leo zinabeba watu na magunia huko Maralal (Kenya) na Loliondo (Tanzania). Ukinunua moja, umenunua na kazi za mafundi wote walioishika: waya zilizosokotwa kwa mkono, bolti zisizo zake, mabati yaliyochomelewa juu ya kutu. Mwenye gari mpya hutamani kufumua vyote siku hiyohiyo. Usiwe na haraka. Kiraka kibaya mara nyingi kiliwekwa kuficha ugonjwa, na ugonjwa huo bado umo ndani.

Thermostati ndiyo mfano ulio wazi. Nyingi zimeng'olewa, na utaambiwa kwamba nchi za joto haziihitaji. Hilo si kweli hata kidogo. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikikosekana, injini huchelewa kupata moto, hunywa petroli nyingi, na ringi na silinda huchakaa mapema. Lakini ukiirudisha bila kuuliza kwa nini ilitolewa, gari litachemsha kwenye mlima wa kwanza. Huenda rejeta imeziba kwa kutu na chumvi za maji ya bomba, au mkanda wa feni umelegea, au gasketi ya silinda hedi inavujisha. Malizana na hayo kwanza. Vivyo hivyo ukikuta kipande cha waya mahali pa fyuzi: fyuzi ilikuwa inakatika kwa sababu kuna waya unaogusa bodi, na mpaka sasa unaugusa.

Kwa upande wa umeme, tafuta kwanza mchoro unaolingana na mwaka wa gari lako. Rangi za waya za Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, zina mpangilio wake: kahawia hutoka kwenye betri bila kupita fyuzi, nyeupe hupata umeme ukiwasha swichi, kijani umeshapita fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ethi, yaani waya unaofungwa kwenye bodi. Waya mwekundu ukiingia kwenye koili, ambayo ni ya kuwasha injini na si ya taa, ujue kuna mtu alibuni. Piga picha na ufunge kibandiko kwenye kila waya kabla ya kuukata. Angalia pia ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye bodi, kwa kuwa nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa upande wa chanya, na altaneta (mashine inayochaji betri) ikiunganishwa kinyume inaungua.

Bolti nazo zinadanganya. Ya vipimo vya inchi, 5/16, ina unene wa milimita 7.94, na ya vipimo vya milimita, M8, ina milimita 8. Spana namba 13 inashika vichwa vya zote mbili. Hesi zake, yaani mikato ya mzunguko ya bolti, ndizo hazifanani. M8 ikilazimishwa kwenye tundu la 5/16 inaingia mizunguko michache kisha inakaza, fundi akadhani imeshika, kumbe imekwangua hesi za ndani. Nunua geji ya kupimia hesi na tapu (vyuma vya kukatia hesi) za inchi mapema.

Sumaku usiitembeze milangoni, kwani sehemu kubwa ya bodi ni aloi ya alumini. Ipeleke kwenye chasisi na ukuta wa mbele, ambavyo ni chuma: isiponata, hapo pamejazwa fila, yaani lipu ya kuziba mashimo. Gonga kwa nyundo ndogo, hasa boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Kabla ya kuchomelea, shusha tangi la petroli, fungua nyaya za betri na altaneta, na ulaze chasisi kwenye stendi isije ikapinda.

Breki zitangulie rangi, bila mjadala. Vumbi la viatu vya breki vya zamani linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usilipulize kwa kompresa. Liloweshe na ulifute. Na kama kuna aliyetia oili ya injini kwenye mafuta ya breki, mipira yote imeshavimba na lazima ibadilishwe.

Kama fundi wa mwisho anapatikana, mwendee kwa heshima. Alifanya kazi kwa spea alizopata, na mteja alitaka gari jioni ileile. Muulize gia boksi ilitoka kwenye gari la mwaka gani, silinda hedi iliwahi kukwanguliwa ili kunyooshwa au la, na ni kitu gani kilichokuwa kikimsumbua kila gari lilipomrudia.