Kubadilisha roka na kuseti tapeti kwenye guta la CG

Msimu wa korosho ukifunguliwa, maguta (pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mizigo) ya Mtwara na Lindi hayapumziki. Yanabeba magunia toka mashambani hadi ghala la chama cha msingi, gia nzito kutwa nzima, na hapo ndipo hedi (kichwa cha injini) inapoanza kugonga "tak tak tak". Nimetoka kumwelekeza kijana mmoja wa Mikindani kazi hii kwa simu, nikaona bora niiandike.

Naongelea injini za mtindo wa CG125 na CG150: kamshafti (shafti inayofungua valvu) iko chini, pushirodi mbili (vijiti vya kusukuma) zinapanda pembeni ya silinda kwenda kwenye roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu. Kuseti tapeti ni kurekebisha nafasi ndogo iliyopo kati ya roka na valvu. Maguta mengi ya Kichina ni haya. Boxer na TVS HLX kamshafti yake iko juu kwenye hedi, na vipimo vyake ni vingine.

Vifaa. Spana na bisibisi unazo. Nunua fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Wembe wa kunyolea, ambao vijiwe vingi wanautumia, una unene wa karibu 0.1 mm, na injini hii inataka 0.08 mm kwa valvu zote mbili (kama kitabu cha injini yako kina namba nyingine, fuata kitabu). Anayepima kwa kutikisa na vidole simpi injini yangu.

Hatua ya 1. Injini ipoe kabisa. Chuma kikiwa cha moto kimeshatanuka, na kipimo utakachopata ni cha uongo. Kwa jua letu, guta lililoegeshwa uwanjani saa sita mchana halijapoa hata kama halijawashwa. Fanya asubuhi, likiwa limelala kivulini.

Hatua ya 2. Toa plagi, fungua kifuniko cha hedi.

Hatua ya 3. Toa roka na pushirodi. Weka alama ipi ni ya inleti (valvu ya kuingiza hewa na mafuta) na ipi ni ya ekzosi (valvu ya kutoa moshi), kila moja irudi kwake. Viringisha pushirodi juu ya kioo: ikirukaruka, imepinda, tupa. Halafu tazama ncha ya skrubu ya tapeti, pale inapogusa kichwa cha valvu. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye kishimo, umepata sababu ya mlio usioisha. Fila inalala juu ya kingo za kishimo na kukuambia 0.08, lakini valvu yenyewe inazama shimoni, kwa hiyo nafasi ya kweli ni kubwa kuliko unavyosoma. Skrubu ya namna hiyo haisetiki, badilisha. Roka yenye mikwaruzo au inayocheza kwenye shafti yake, badilisha nzima.

Hatua ya 4. Paka oili, rudisha. Legeza skrubu za tapeti kwanza, hakikisha kila pushirodi imekaa kwenye kikombe chake juu na chini, ndipo ukaze bolti kidogo kidogo kwa kupokezana. Ukikaza bolti moja hadi mwisho wakati pushirodi imekaa upande, unaipinda mpya mchana kweupe.

Hatua ya 5. Hapa ndipo kijana wa Mikindani alipokwama, na ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma polepole. Fungua vifuniko viwili vya upande wa kushoto, zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kinyume cha mshale wa saa hadi alama ya T kwenye magineti (gurudumu la sumaku lililofungwa kwenye krenki) ilingane na alama ya bodi ya injini. Jirani yake kuna F. Hiyo ni ya moto wa plagi, usisimame hapo.

Sasa, T peke yake haitoshi. Krenki inazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa valvu, kwa hiyo pistoni inafika juu mara mbili. Mara moja valvu zote zimefungwa na pistoni inabana hewa, hiyo ndiyo kompresheni unayoitaka. Mara nyingine ekzosi inamalizia kufunga huku inleti inaanza kufunguka. Ukiseti kwenye T hii ya pili, unapima roka zilizokwisha kusukumwa. Ukija kuwasha, hedi inapiga kelele kuliko ulivyoikuta.

Namna ya kuijua: shusha skrubu zote mbili hadi zibaki na mchezo mdogo tu, kisha zungusha ukitazama roka ya inleti, ile ya upande wa kabureta. Itabonyeza valvu chini, kisha itaiachia ipande. Ikishaachia, endelea taratibu, na T ya kwanza utakayokutana nayo ndiyo yenyewe. Shika roka zote mbili: zote zicheze kidogo. Moja ikiwa imebana, zungusha krenki duru moja kamili, urudi kwenye T, ushike tena. Kama bodi yako haina alama, ingiza bisibisi ndefu taratibu kwenye tundu la plagi usikie pistoni ikifika juu, ila toa bisibisi kabla hujazungusha zaidi.

Hatua ya 6. Pitisha fila ya 0.08. Ipite kwa kukwaruza kidogo. Shika skrubu isigeuke, kaza nati, kisha pima tena, maana nati ikikazwa huvuta skrubu. Zungusha krenki duru mbili, rudi kwenye T, pima mara ya mwisho.

Usibane zaidi ili injini inyamaze. Valvu ya ekzosi hupoza joto lake pale inapokalia kiti chake. Ukiinyima nafasi haikai sawasawa, moto unapita pembeni na kuiunguza. Mlio mwepesi wa tapeti ni afya ya injini hii, na mteja anayetaka kimya mweleze hivyo kabla hujampa funguo.

Hatua ya 7. Mwagia oili kwenye roka, funga, washa. Baada ya kama kilomita 500 pima tena, kwa sababu vipuri vipya hutulia mahali pake. Kama kabla ya hapo injini inawaka vizuri ikiwa baridi lakini inasumbua ikiwa ya moto, anza na ekzosi: imebana.