Asilimia 98 ya Nani? Namna ya Kusoma Utafiti wa Chanjo ya HPV

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Jaribio hilo linajulikana kama FUTURE II. Ndani ya makala ile moja mna ufanisi wa asilimia 98, wa asilimia 44, na wa asilimia 17. Chanjo ni ileile, jaribio ni lilelile, na ufuatiliaji ni uleule wa wastani wa miaka mitatu. Anayeipigia debe chanjo hunukuu 98, anayeipinga hunukuu 17, na hakuna kati yao aliyekosea kunakili. Ukielewa namba hizo tatu zilivyopatikana, makala nyingine nyingi za chanjo hii hazitakusumbua.

Tafuta makala kamili, kwa sababu muhtasari haukupi kinachohitajika. Uwe na kikokotoo cha simu, na karatasi ya kuandikia mambo matatu: nani aliyehesabiwa, tukio gani lilihesabiwa, na hesabu ilianza lini.

Anza na mchoro wa washiriki

Ruka sehemu ya matokeo kwanza. Tafuta mchoro unaoonyesha walioandikishwa, waliogawanywa kwa bahati nasibu, na waliobaki kwenye hesabu ya mwisho. FUTURE II iliandikisha wanawake 12,167 wa miaka 15 hadi 26. Ile asilimia 98, ya kuzuia mabadiliko makubwa ya seli za mlango wa kizazi yaliyosababishwa na HPV aina 16 na 18, imetoka kwa 10,565 kati yao: 5,305 waliochanjwa na 5,260 waliopata plasebo, yaani sindano isiyo na chanjo.

Chujio lilikuwa kali. HPV ina aina nyingi, kila moja na namba yake. Mwanamke alitakiwa awe hana DNA wala kingamwili za aina husika ya kirusi, 16 au 18, siku ya kwanza. Abaki bila DNA hiyo hadi mwezi mmoja baada ya dozi ya tatu. Amalize dozi tatu ndani ya mwaka. Na asiwe amekiuka taratibu za utafiti. Baada ya hapo ndipo kesi zilipoanza kuhesabiwa. Waliougua kabla ya hapo hawamo.

Asilimia 44 imehesabu mabadiliko yale yale, ila kwa wanawake wote waliogawanywa, wakiwemo waliofika siku ya kwanza wakiwa tayari na virusi. Asilimia 17 ni ya wanawake hao hao, ila safari hii yamehesabiwa mabadiliko makubwa ya seli yaliyosababishwa na aina yoyote ya HPV, hata zile ambazo chanjo haikuzibeba.

Basi namba ipi ni ya kweli? Zote, kila moja kwa swali lake. Binti ambaye hajakutana na virusi hivi anasomewa ile ya 98. Afisa anayefikiria kuwachanja wanawake vijana wote walivyo, bila kuwapima kwanza, asome 44 na 17. Kosa ni kuichukua namba ya swali moja na kujibia swali jingine, na kosa hilo wamelifanya watu wenye shahada kubwa.

Pengo lenyewe lina sababu ya kibaolojia. Chanjo imetengenezwa kwa maganda matupu ya protini ya L1, yaani koti la nje la kirusi lisilo na DNA ndani. Kingamwili zake hukikamata kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Kikishaingia kwenye seli za tabaka la chini la utando, L1 haitengenezwi huko. Hutengenezwa juu, seli zinapokomaa. Kingamwili hazina cha kushika. Ndiyo maana chanjo huzuia maambukizi lakini haiondoi yaliyokwisha kutokea.

Usitishwe na majina ya makundi ya uchambuzi. Jaribio la KEN SHE nchini Kenya, la dozi moja, liliandikisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Uchambuzi wake mkuu una jina linalosikika kama unahesabu kila mtu, lakini kwa aina 16 na 18 walibaki 1,458, kwa sababu waliokuwa na dalili za maambukizi mwanzoni waliondolewa. Soma tafsiri ya kundi kwenye sehemu ya mbinu, jina liache.

Piga hesabu mwenyewe

Gawanya kesi za waliochanjwa kwa idadi yao. Fanya vivyo hivyo kwa kundi la kulinganisha. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili, toa kwenye 1, zidisha kwa 100.

Kwa FUTURE II baada ya chujio: kesi 1 kati ya 5,305 dhidi ya 42 kati ya 5,260. Utapata asilimia 98. Kwa wote waliogawanywa: 83 kati ya 6,087 dhidi ya 148 kati ya 6,080. Utapata 44. Kwa KEN SHE, kundi lililopata chanjo inayolenga aina tisa za HPV: kesi 1 kati ya 496 dhidi ya 36 kati ya 473. Kikokotoo kitakupa 97.4 ilhali makala inasema 97.5. Tofauti hiyo ndogo ni ya kawaida, maana watafiti hugawanya kwa muda ambao kila mshiriki alifuatiliwa, wewe umegawanya kwa vichwa. Ukipata tofauti kubwa, rudi nyuma: huenda umechukua kigawanyo cha kundi jingine.

Kisha toa asilimia moja kwenye nyingine. Kwa wote wa FUTURE II, 2.43 toa 1.36 ni 1.07 kwa kila wanawake 100. Maana yake ni kuchanja wanawake takriban 93 ili mmoja aepuke mabadiliko makubwa ya seli ya aina 16 na 18 katika miaka ile mitatu. Namba hii haina mvuto wa kichwa cha habari. Hata hivyo mpanga bajeti anaihitaji, na ikumbukwe kwamba muda ukirefuka nayo hubadilika.

Usiache mipaka ya uhakika, yaani wigo ambamo namba ya kweli huenda imo. Ile 98 ilikuwa na mipaka ya 86 hadi 100. Ile 17 ilikuwa na ya 1 hadi 31. Ya pili inakaribia sifuri kwa chini, kwa hiyo izungumzie kwa sauti ya chini.

Tukio gani limehesabiwa?

Saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza baada ya maambukizi. Hakuna jaribio linaloweza kungoja hivyo, na hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu kumwangalia mwanamke akielekea kwenye saratani bila kumtibu. Watafiti hutumia tukio la njiani, na matukio hayo hayana uzito sawa.

Kuonekana kwa DNA mara moja ni ushahidi dhaifu kabisa. Inaweza kuwa imebaki pale juujuu kutoka kwa mwenzi, na hata maambukizi halisi, takriban 9 kati ya 10, hutoweka ndani ya miaka miwili. Maambukizi sugu yana uzito zaidi: aina ileile imeonekana katika vipimo viwili vilivyoachana. Vimeachana kiasi gani? Hapo tafiti hutofautiana. KEN SHE ilitaka miezi isiyopungua 4. Nyingine hutaka 6, nyingine 12. Kadiri pengo linavyokuwa refu ndivyo kesi zinavyopungua na maana yake inavyoongezeka. Ukilinganisha tafiti mbili zenye mapengo tofauti, utaisifu au kuilaumu chanjo kwa tofauti ya kalenda tu.

Juu yake kuna CIN2, halafu CIN3, madaraja ya mabadiliko ya seli yanayotazamwa kwa hadubini kwenye kinyama kilichokatwa. CIN2 ina utata: wataalamu wawili wanaweza kutofautiana juu ya kioo kimoja cha hadubini, na sehemu yake hurudi hali ya kawaida yenyewe, hasa kwa wanawake vijana. CIN3 ni imara zaidi. Angalia kama vioo vilisomwa na jopo lisilojua nani kachanjwa. Angalia pia walivyoamua ni aina ipi ya HPV iliyosababisha, maana kinyama kimoja huweza kubeba aina mbili au tatu. Jaribio jingine la chanjo ya HPV, PATRICIA, lenye wanawake 18,644, lilitumia pia sampuli za nyuma za mwanamke huyohuyo kuamua mhusika ni nani. Ni njia ya busara, lakini hubadilisha asilimia, kwa hiyo tafuta kama uamuzi huo ulipangwa kabla au baada ya kuona matokeo.

Maabara nayo ina mtego wake. Kila sampuli ipimwe pia jeni ya binadamu, kwa kawaida ile ya beta-globini. Isipoonekana, usufi haukuokota seli za kutosha, na sampuli hiyo ni batili. Utafiti unaoziandika sampuli za namna hiyo kuwa hazina HPV unapunguza kesi pande zote, na nguvu ya kulinganisha inazama.

Tafiti za kingamwili

Wasichana wa miaka 9 hadi 14 hawapimwi mlango wa kizazi. Wao hupimwa damu, kisha kingamwili zao hulinganishwa na za wanawake ambao kinga yao ilishathibitishwa. Jaribio la DoRIS jijini Mwanza, Tanzania, lilifanya hivyo kwa wasichana 930 waliopewa dozi moja, mbili au tatu.

Hapa hakuna kiwango kinachojulikana ambacho chini yake mtu hana kinga. Kingamwili nyingi zaidi haimaanishi kinga kubwa zaidi. Pia usilinganishe vipimo vya maabara mbili zinazotumia mbinu na vizio tofauti. Na ukikuta maneno kwamba dozi moja haikufikia kigezo cha kutokuwa duni, yaani kuonyesha kwamba haipungukiwi sana na dozi nyingi, tulia. DoRIS ilikuta hivyo kwa aina 18, huku zaidi ya asilimia 98 ya wasichana wakiwa na kingamwili za aina hiyo. Kigezo kiliwekwa kabla, kwa ukali, na kukikosa kwa nywele si sawa na chanjo kushindwa.

Kundi la kulinganisha lilipewa nini?

Kwa ufanisi swali hili ni dogo. Kwa madhara ni kubwa. Kundi lililopewa plasebo yenye aluminiamu kama iliyomo kwenye chanjo, au chanjo ya homa ya ini A kama PATRICIA, nalo litavimba na kuuma mkono. Tofauti ya maumivu itaonekana ndogo kuliko ambavyo ingekuwa kwa maji ya chumvi. Kuzirai baada ya sindano ni jambo linalofahamika kwa vijana, na ndiyo sababu mchanjwa hukalishwa dakika 15.

Dozi moja, na takwimu za nchi nzima

Ushahidi wa kwanza wa dozi moja haukutoka kwenye bahati nasibu. Nchini Costa Rica na India kuna walioishia dozi moja kwa sababu nyingine kabisa: Costa Rica wengi walipata ujauzito au walipelekwa uchunguzi zaidi, na India jaribio lilisimamishwa mwaka 2010 kabla wote hawajamaliza. Watu wa namna hiyo huenda wanatofautiana na waliomaliza. KEN SHE ikaja kuwagawanya kwa bahati nasibu, na Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja kama chaguo kwa wenye miaka 9 hadi 20. Wanaoishi na VVU bado wanatakiwa dozi mbili angalau, na tatu inapowezekana.

Tafiti za rejista, yaani zinazotumia kumbukumbu za afya za nchi nzima, ndizo zilizohesabu saratani yenyewe. Sweden, kwa wasichana na wanawake 1,672,983, hatari ilipungua kwa asilimia 88 kwa waliochanjwa kabla ya miaka 17, na kwa 53 waliochanjwa baadaye. Ni ile tofauti ya 98 na 44 imerudi kwa sura nyingine: baadhi ya waliochelewa walikuwa wameshaambukizwa. Katika tafiti hizi tafuta marekebisho ya umri, elimu na kipato, kwa sababu familia zinazowahi chanjo huwa zinawahi na mengine. Tafuta pia ufuatiliaji uliishia wapi. Sweden walimwacha kila mwanamke alipotimiza miaka 31, kwa hiyo saratani za miaka ya arobaini na hamsini hazimo kwenye ile 88.