SOMO: Kurudishia galvanaizi vyuma vya Land Rover ya zamani, na matundu msiyoyatoboa

Wakuu, salaam. Tangu tamasha la Land Rover pale Arusha, Oktoba 2024, haipiti wiki sijaulizwa swali lile lile: "Vyuma vya pembeni vya gari lako umepaka rangi gani?" Sijapaka rangi, ni galvanaizi, yaani ngozi ya zinki juu ya chuma. Naandika yote hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Gari langu ni Land Rover Series III, 109, yaani ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli. Wanaozijua hizi wanajua bodi yake ni aluminiamu, lakini kingo za bodi, bampa na vyuma vya turubai ni chuma kilichozamishwa kwenye zinki tangu kilipotengenezwa. Zinki ile haikuwekwa kwa urembo. Chuma kitupu kikigusana na aluminiamu penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unainua ukingo, unakuta unga mweupe, na chini yake bodi imetoboka kama chujio. Mimi nakaa Tanga, unga huo naufahamu vizuri.

Ninachoeleza ni galvanaizi ya kuzamisha, chuma kinaingia kwenye tangi la zinki iliyoyeyuka yenye nyuzijoto kama 450. Si ile ya umeme inayopakwa kwenye bolti za dukani. Ya umeme kwa kawaida ni mikroni 5 hadi 12 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ya kuzamisha kwa chuma cha unene wetu ni 45 na kuendelea. Viwanda vinavyozamisha nguzo za umeme na minara ya simu ndivyo vya kutafuta, na wengi hukubali kazi ndogo ukikubali kusubiri siku wanayochanganya mizigo.

Hatua ya 1. Piga picha kila kitu kabla ya kufungua, na uandike kipi cha kulia, kipi cha kushoto.

Hatua ya 2. Toa kila kisicho chuma. Toboa ribiti, ondoa vipande vya aluminiamu, mpira na plastiki. Aluminiamu ikibaki, tindikali wanayosafishia chuma kiwandani kabla ya kukizamisha itaimaliza.

Hatua ya 3. Toa rangi, lami, grisi na puti. Tindikali inakula kutu, rangi haiigusi. Panapobaki rangi zinki haishiki, utarudishiwa chuma chenye mabaka meusi. Njia safi kuliko zote ni kupiga mchanga, ila kwa bati jembamba mwambie fundi apunguze presha, la sivyo litavimba. Magamba ya kuchomelea nayo yagonge yote yatoke, yanaonekana kama kioo cheusi pembeni ya mshono.

Hatua ya 4. Viraka vyote vichomelewe sasa, mshono uwe kamili bila vitobo. Baadaye hutachomelea tena bila kuharibu zinki.

Hatua ya 5. MATUNDU. Hapa naomba utulie usome.

Mara ya kwanza kupeleka vyuma vyangu, bomba moja la turubai lilikuwa limeoza nchani. Nililikata, nikachomelea kipande kipya, kisha nikaziba ncha zote mbili kwa mshono, nikaamini nimefanya vizuri kwa kuwa maji ya mvua hayataingia tena. Kiwandani bomba likapita kwenye tindikali, likaoshwa, likaingia kwenye zinki. Unyevu ulionaswa ndani uligeuka mvuke, na mvuke haukuwa na pa kutokea. Nilisikia mlio kama tairi la lori linapopasuka. Zinki iliruka juu ya ukingo wa tangi ikatua sakafuni matone matone, kila tone likiganda papo hapo kama sarafu. Kijana aliyekuwa ameshika mnyororo wa kuteremshia alikuwa ametoka pale hatua nne hivi kwenda kuchukua ndoano. Hakuumia. Mpaka leo sishiki keke bila kumkumbuka kijana yule.

Kwa hiyo, kila bomba, kila boksi, kila chumba kilichofungwa kiwe na matundu yasiyopungua mawili, moja kila mwisho, na yakae pande zinazokingamana. La chini zinki iingie, la juu hewa itoke. Yakae karibu kabisa na ncha au pembe. Ukitoboa katikati, hewa inabaki imejikusanya kwenye kona na kona hiyo haipati zinki. Kwenye bomba la inchi moja sitoboi chini ya milimita 10, na bomba la milimita 50 nalipa 12 hadi 16. Kabla ya kutoboa, ongea na msimamizi wa kiwanda, yeye ndiye anayejua watakining'iniza chuma chako vipi.

Angalia pia mabati mawili yaliyolaliana na kuchomelewa pande zote. Pale katikati ni chumba kilichofungwa, hata kama ni chembamba kama karatasi. Toboa bati moja. Na kama tundu liko ndani ya kiungo ambapo halionekani kwa nje, piga picha kabla hujafunga ukawaonyeshe. Wakikataa mzigo wako kwa kukosa uhakika, usigombane nao. Wanalinda watu wao.

Hatua ya 6. Kinga vyuma vyembamba visipinde. Ukuta unaotenganisha injini na abiria ni mchanganyiko wa bati jembamba na fremu nene. Vikipata moto vinatanuka kwa kasi tofauti. Chomelea vyuma vya pembe kwenye nafasi za milango kama mihimili ya muda, pima kutoka kona hadi kona, andika vipimo. Omba kizamishwe kwa haraka, bila kusitasita, na kipoe kwa hewa badala ya kutumbukizwa kwenye maji.

Hatua ya 7. Nyuzi za nati na za matundu ya bolti zitajaa zinki, andaa tapi ya kusafishia. Bolti ngumu zilizoandikwa 10.9 au 12.9 usizipeleke kabisa. Tindikali inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na bolti inaweza kukatika ghafla ikiwa kazini. Springi pia acha. Bolti za usukani na za mikanda ya usalama nunua mpya.

Hatua ya 8. Kukagua. Kiwango cha ISO 1461 kinataka wastani wa mikroni 55 kwa chuma cha unene wa milimita 1.5 hadi 3, mikroni 70 kwa kilichozidi 3 hadi 6, na 85 kwa kinachozidi 6. Kiwanda cha maana kina kipimo cha sumaku, omba wakupimie mbele yako. Pitisha kiganja chenye glovu: vichongoma vya zinki huning'inia kwenye ncha ya chini, vinachana mkono vibaya. Viondoe kwa tupa, taratibu, usifike kwenye chuma.

Hatua ya 9. Usirundike vyuma vipya vikiwa na maji wala kuvifunga kwenye turubai lisilopitisha hewa. Vitaota kutu nyeupe ndani ya siku chache. Weka vipande vya mbao katikati.

Maswali sasa.

Mdau wa Dodoma: Mkuu ile zinki ya kopo ya kupuliza si inafanya kazi hiyo hiyo? Kiwandani naona gharama.

Jibu: Haifanyi. Ile ni rangi yenye unga wa zinki, inakaa juu ya chuma. Ya kuzamisha inaungana na chuma chenyewe, kuna tabaka za mchanganyiko wa chuma na zinki chini ya ule mng'ao. Kopo lina kazi yake: kufunika pale ulipotoboa au kuchubua baada ya kazi kwisha. Pulizia mara kadhaa mpaka iwe nene.

Mdau wa Mwanza: Bampa langu lina puti kidogo, naweza kulipeleka hivyo hivyo?

Jibu: Hatua ya 3.

Mdau wa Mwanza: Ni kidogo sana lakini, kama kiganja.

Jibu: Basi utapata baka jeusi kama kiganja. Hatua ya 3, ndugu yangu.

Dada wa Mombasa: Shukrani kwa somo, kaka. Nina swali. Kingo za zamani za gari la marehemu baba zina yale maua makubwa ya zinki, yanang'aa kama vipande vya barafu. Nilizopeleka mwaka jana zimerudi kijivu, hazina ua hata moja. Nimeibiwa?

Jibu: Pole kwa baba, na asante kwa kuuliza vizuri. Hujaibiwa. Yale maua ni fuwele za zinki zinapoganda. Ukubwa wake unategemea vilivyomo kwenye tangi, hasa madini ya risasi kidogo, na kasi ya kupoa. Viwanda vingi siku hizi vimepunguza risasi. Kisha kuna chuma chenyewe: chenye silikoni ya kiwango fulani hunywa zinki kwa kasi, tabaka linakuwa nene na la kijivu hadi juu. Kinga yake ni ile ile, pengine na unene zaidi. Ukitaka maua, waulize tangi lao lina risasi kabla hujaacha mzigo. Na kingo za baba kama hazijaoza, usizipeleke popote. Osha kwa maji na sabuni, rudisha garini. Maua yale hayarudi.

Dada wa Mombasa: Zimebaki nzima mbili. Hizo siziondoi.

Mdau wa Dar: Nataka kutoa zinki ya zamani mwenyewe kwa maji ya betri, nina beseni jikoni. Niache dakika ngapi?

Jibu: Usifanye. Zinki kwenye tindikali inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na wewe uko jikoni penye moto. Mwachie kiwanda kazi hiyo, wengine huongeza bei kidogo.

Mdau wa Dar: Watu mnaficha mbinu ili tuendelee kulipa.

Jibu: Nimeandika hapa kila ninachokijua, hadi kosa lililotaka kumuunguza mtoto wa watu. Sina kiwanda wala silipwi na kiwanda. Dakika za beseni la jikoni hutazipata kwangu.

Kijana fundi, Morogoro: Shikamoo mzee. Mimi nachomelea. Nikichoma galvanaizi jioni napata homa na kutetemeka, wenzangu wananiambia ninywe maziwa. Yanasaidia kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hiyo ni homa ya moshi wa zinki. Inaanza saa kadhaa baada ya kazi, mara nyingi inaisha ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana watu hudhani maziwa yameiponya. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Saga zinki yote pembeni ya mshono kabla ya kuwasha, ukivaa barakoa, chomelea nje, simama upepo ukitokea ubavuni mwako, na vaa barakoa ya moshi, si kitambaa. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mdau wa Zanzibar: Nataka nipake rangi juu ya galvanaizi, ila nimeona za watu zikibanduka kama ganda la ndizi.

Jibu: Walipaka rangi ya mafuta moja kwa moja. Mafuta yake yakigusana na zinki hugeuka kitu kama sabuni, rangi inaachia. Osha grisi, pigisha mchanga laini kwa presha ndogo ili uso ukwaruzike tu, kisha praima ya epoksi, kisha rangi yako.

Mdau wa Iringa: Na chesisi nzima? Namba iliyogongwa haitafunikwa?

Jibu: Inaweza kufifia. Kabla hujaipeleka weka karatasi juu ya namba, sugua kwa penseli hadi itokee, piga na picha iliyo wazi, vyote viwe pamoja na kadi ya gari. Usigonge namba upya kwa mkono wako, utaonekana umeiba gari lako mwenyewe. Matundu ya chesisi nayo ni somo refu, hasa miguu ya pembeni inayobeba bodi. Jumamosi nafungua ya jirani, nitapima kila tundu na kuweka picha.

Mdau wa Iringa: Niko hapa nasubiri.