Kuongezea bima binafsi ya ulemavu juu ya kinga ya kazini

Mfanyakazi wa Tanzania Bara anayeumia kazini hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri peke yake, na kwa ulemavu wa muda hupata asilimia 70 ya mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ni kinga ya maana sana, lakini haimfikii anayegongwa na bodaboda Jumapili akitoka kanisani, wala anayepata kiharusi akiwa nyumbani.

Anza, basi, kwa kuandika matumizi yako ya lazima ya kila mwezi, yaani kodi ya nyumba, ada za watoto na marejesho ya mkopo, kisha utafute bima inayoweza kuyabeba. Hapa ndipo wengi hukosea: bima binafsi ya ajali kwa kawaida hailipii ulemavu unaotokana na maradhi, kwa hiyo anayehofia shinikizo la damu aulizie bima ya maisha yenye nyongeza ya ulemavu, na aeleze hali ya afya yake kwa ukweli kwenye fomu, kwa kuwa kuficha kunaweza kumnyima malipo yote. Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania.