Jinsi ya kufuatilia ongezeko la watu mjini kwa takwimu za sensa

Katika kazi yangu ya mipango miji, kosa ninalokutana nalo kila mara ni la kuhesabu watu hadi mpaka wa mkoa na kuishia hapo. Tuchukue Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Oanisha mipaka. Sensa ya 2012 iliikuta Dar ikiwa na wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Ya 2022 iliikuta na tano, maana Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Ukilinganisha Temeke kwa Temeke utadhani watu wamepungua. Ijumlishe kwanza na Kigamboni. Kwenye kata kazi ni kubwa zaidi, kwa hiyo tengeneza jedwali lenye jina la zamani na la sasa, mstari kwa mstari. Usiharakishe hapa, ukikosea, hesabu zote zinazofuata ni bure.

Hatua ya 2: Tafuta kasi. Gawanya idadi mpya kwa ya zamani, bonyeza ln (kitufe cha logi asilia) kwenye kikokotoo, gawanya kwa miaka, kisha zidisha kwa 100 upate asilimia. Dar ilikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, ikafika 5,383,728 mwaka 2022: asilimia 2.1 kwa mwaka. Muongo uliotangulia ilikuwa 5.6. Hapo wengi husema mji umetulia.

Hatua ya 3: Vuka mpaka. Rudia hesabu kwa Mkoa wa Pwani, jirani wa Dar: kutoka 1,098,668 hadi 2,024,947. Ni asilimia 6.1! Gawanya 70 kwa 6.1 uone: kwa kasi hiyo watu huongezeka maradufu ndani ya miaka kumi na moja na nusu hivi. Bomba la maji lililopangwa kwa kutazama Dar peke yake litaelemewa.

Hatua ya 4: Chambua umri. Watoto wa miaka 0 hadi 4 ndio watakaohitaji madawati karibuni.

Hatua ya 5: Shuka mtaani. Sensa huja kila baada ya miaka kumi. Katikati tumia picha za satelaiti kuhesabu mapaa. Lakini paa si kaya, kwani mapagale ni mengi. Nenda na mwenyekiti wa mtaa, mpite nyumba kwa nyumba. Angalia kamba ya nguo, ndoo mlangoni, mita ya umeme inayowaka. Penye hivyo, andika kaya moja, uulize wamehamia lini na wametoka wapi.