Maua ya ndani kwenye geto la chuo, fanya hivi

Wanachuo wa Malimbe na Nyegezi hapa Mwanza, kama mmebanana geto moja na hewa imekuwa nzito, fungueni dirisha kwanza, upepo wa ziwa ni wa bure na hamna ua linaloushinda. Ile stori ya maua kusafisha hewa ilitokea NASA, lile shirika la anga la Marekani, mwaka 1989, ila wale walipima kwenye chemba ndogo iliyofungwa kabisa, halafu 2019 watafiti wakapiga hesabu upya wakaona ili maua yafanye kazi ya dirisha unahitaji kuanzia 10 kwa kila mita moja ya mraba, sasa kitanda utaweka wapi?

Ila bado yanapendeza bwana. Chukua lile linalofanana na mkonge, majani marefu yana mstari wa njano pembeni, hata ukienda likizo unalikuta. Toboa kopo la rangi chini, changanya udongo, mchanga na samadi kidogo, mwagilia udongo ukishakauka tu maana maji mengi ndo yanaliozesha. Yaliyotuama kwenye kisahani mwaga, mbu wa huku hawana masihara. Vumbi futa na kitambaa chenye maji. Na jiko la mkaa pikia nje, ule moshi hamna ua litakukinga.